Ndani ya gitaa au chini ya mguu: wapi pa kuweka saketi zako

Majuzi kijana mmoja wa Ahero alinijia hapa Kondele, Kisumu, ameshuka kwa boda, gitaa la umeme mgongoni limefungwa kwa leso. Aliliweka mezani taratibu, akalifuta vumbi kwa kiganja, kisha akasema, "Mzee, nataka uniwekee kila kitu humu ndani. Fazi, mwangwi, korasi, busta. Nimechoka kubeba pedali."

Nilimwelewa. Hivyo alivyovitaja ni efekti, saketi za kubadilisha sauti: fazi huingurumisha, mwangwi huirudia, korasi huinenepesha, busta huipandisha; na pedali ni kisanduku cha sakafuni kinachoibeba efekti, unakiwasha kwa mguu. Anapiga solo kwenye matanga na harusi, leo Siaya, kesho Bondo, keshokutwa Luanda. Anasafiri kwa matatu, na kila pedali anayobeba inataka waya wake, adapta yake na mahali pa kukaa. Kwa mtu wa namna hiyo gitaa lenye kila kitu ndani ni ndoto tamu: unachomeka waya mmoja kwenye amplifaya, unapiga.

"Kijana wangu," nikamwambia, "nitakuwekea kimoja, labda viwili. Vingine viache sakafuni." Tuliongea mpaka chai ikapoa. Haya ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine niliyoyakumbuka alipokwisha kwenda.

Anza na waya

Watu wengi huanza na efekti wanayoitamani. Mimi huanza na waya unaotoka kwenye gitaa kwenda kwenye amplifaya, kwa sababu huo ndio unaoamua nini kinastahili kukaa ndani.

Pikapu, inayonasa mtetemo wa nyuzi, ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mizunguko. Umeme inaoutoa ni dhaifu, na hauna nguvu ya kusukuma mzigo. Sasa ule waya wa gitaa, hata uwe mzuri namna gani, nao ni kapasita, yaani humeza sauti za juu: kila mita hubeba takriban pikofaradi 100. Chukua pikapu ya henri 3, yenye pikofaradi zake 100 za kuzaliwa nazo. Ukiipa waya wa mita 6, kilele cha sauti yake kitakaa karibu na hezi 3,500. Ukiipa waya wa mita 10, kilele kinashuka mpaka chini ya hezi 2,800. Hujagusa toni wala amplifaya, lakini trebo, zile sauti kali za juu, imekwenda.

Kwa benga, muziki wetu wa magitaa, hilo ni pigo. Solo ya benga huchezwa noti moja moja, kavu na kali, zinafukuzana bila kugusana. Trebo ikiondoka, noti zinashikamana, na yule msikilizaji aliyekaa nyuma ya hema anasikia uji. Na kwenye matanga waya mfupi hausaidii: spika ziko kule, jenereta iko kule nyuma ya nyumba, na wewe uko hapa katikati ya watu.

Dawa yake ni bafa. Ni saketi ndogo sana, ya transista moja au chipu moja, inayoipokea sauti ya pikapu kupitia mlango wenye upinzani wa mega-omu 1 ili isiielemee, kisha inaitoa upande wa pili ikiwa na nguvu ya kuendesha waya mrefu. Haiongezi chochote. Inazuia hasara tu. Ukiiweka kwenye pedali sakafuni, sauti inaifikia ikiwa imeshapoteza trebo kwenye mita zile za kwanza, na kilichopotea njiani hakirudishwi. Ukiiweka ndani ya gitaa, hasara haitokei.

Kwa hiyo kati ya vitu vyote alivyonitajia kijana yule, cha kwanza nilichotaka kumwekea hakikuwa kwenye orodha yake.

Kama unapiga ukiwa umekaa karibu na amplifaya, na waya wako ni mita 3, bafa haikuhusu. Wapo pia wapiga ridhimu wanaoupenda ulaini unaoletwa na waya mrefu, na masikio yao si mabovu. Waache hivyo.

Mkono una kazi, mguu una nafasi

Mpiga nyatiti hukaa chini, nyuzi nane mbele yake, mikono yote miwili imeshughulika. Mdundo anauleta kwa mguu: kwenye kidole gumba amevaa oduong'o, pete ya chuma inayogonga ukingo wa ala, na gara, yaani njuga, zinalia mguuni. Gitaa liliporithi kazi ya nyatiti huku Nyanza, likazaa benga, mikono ilibaki na shughuli ileile. Mguu ndio ulioachwa bila kazi, hadi pedali zilipofika.

Mimi naliona hilo kuwa jambo zito kuliko uzito wa begi. Fikiria wimbo wa benga unavyokwenda. Maneno yanaimbwa, solo inajibu kwa unyenyekevu, halafu mwimbaji ananyamaza na magitaa yanachukua uwanja. Hapo ndipo solo inatakiwa ipande. Busta ikiwa sakafuni, unabonyeza kwa kidole cha mguu na mkono haukosi hata noti moja. Busta ikiwa ndani ya gitaa, kwenye volyumu ya kuvuta (kirungu cha volyumu unachokivuta juu kuiwasha), lazima mkono wa kulia uache nyuzi katika kipande kile kile ambacho hauwezi kuziacha.

Lakini nisimalize upande mmoja. Katika sherehe zetu kuna pakruok. Mtu anainua mkono, muziki unashushwa au unakatwa, anajisifu na kuwasifu watu wake, anatoa pesa, muziki unarudi. Mpiga gitaa mzuri humfuata yule mtu alipo, hata kama ni mwisho wa hema. Pedali zake ziko mita nane nyuma yake. Na kwa muda ule wa maneno mkono wake uko huru kabisa. Kwa mpigaji wa aina hiyo, swichi iliyo kwenye gitaa inamfaa kuliko pedali yoyote: anavuta volyumu wakati wa sifa, muziki ukirudi anarudi nao juu.

Basi mtu akiniuliza ni ipi bora, namuuliza kwanza: wewe unabadilisha sauti katikati ya kupiga, au kati ya wimbo na wimbo? Na unasimama mahali pamoja, au unatembea? Anayesimama na kubadilisha kila ubeti, namwelekeza sakafuni. Anayetembea na kubadilisha mara tatu usiku mzima, tunafungua gitaa.

Betri haidanganyi

Ndani ya gitaa kwa kawaida hakuna stima ya ukutani. Kuna betri ya volti 9, ile ya mraba, yenye urefu wa milimita 48.5, upana wa 26.5 na unene wa 17.5. Ya alkali, ikiwa mpya, ina karibu miliampea-saa 500. Hiyo ndiyo bajeti yako yote.

Bafa ya transista moja hula nusu miliampea au pungufu. Gawanya: saa 1,000. Utaisahau, na ubadilishe betri kwa kalenda, si kwa kusikia sauti ikikwaruza. Chipu ya TL072, ambayo utaikuta kwenye miksa nyingi zilizokufa, hula karibu miliampea 3, yaani saa 160 hivi. Ndugu yake TL062 hula chini ya nusu miliampea kwa kazi ileile, na ndiyo ninayoichagua ndani ya gitaa ingawa ina kelele kidogo zaidi. Fazi ya transista mbili nayo haili kitu.

Mwangwi ndio unaovunja hesabu. Mwangwi wa bei nafuu hujengwa kwa chipu ya PT2399, ile ile iliyojaa kwenye mashine za karaoke. Inataka volti 5, kwa hiyo unaongeza regulata ya kushusha volti, na inakula kati ya miliampea 15 na 30. Weka 25: betri mpya inakupa saa 20. Matanga moja ya kukesha ni saa nane. Usiku wa tatu haufiki alfajiri.

Tena chipu ya kidijitali ina saa yake ya ndani inayopiga haraka sana, na pikapu kazi yake ni kunasa kila mtetemo wa sumaku ulio karibu. Ukivilaza viwili hivyo sentimita chache mmoja kutoka kwa mwingine, utapata mluzi mwembamba chini ya muziki, hasa unaponyamaza. Nimewahi kuufukuza mluzi wa namna hiyo siku mbili nzima, kwa karatasi ya shaba, kwa kuhamisha waya wa erthi, na haukuisha mpaka nilipokitoa kile kibao nje ya gitaa. Tangu siku hiyo siweki mwangwi wa kidijitali ndani ya gitaa la mtu. Korasi vivyo hivyo. Pedali yake iko mita kadhaa kutoka kwenye pikapu, ina sanduku lake la chuma, ina adapta. Iache huko.

Sifa moja ya betri wengi hawaitaji. Adapta ya bei rahisi ikichomekwa kwenye jenereta huleta mvumo na mkwaruzo ndani ya sauti, na adapta moja ikilisha pedali nne huzichanganyia uchafu zote. Betri ni safi. Stima ikipotea na kurudi, saketi ya ndani haijui kama kuna kilichotokea.

Fazi: kesi ngumu, na tamu

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu fazi ndiyo efekti pekee ambayo naweza kuitetea pande zote mbili.

Pedali ya fazi iitwayo Fuzz Face ilitoka London mwaka 1966, sanduku la mviringo lenye transista mbili tu ndani. Za kwanza zilikuwa za jerimani (germanium), baadaye zikaja za silikoni kama BC108. Jambo kubwa kuihusu ni kwamba mlango wake una upinzani mdogo sana, kwa hiyo inaishika pikapu na kuwa kama sehemu ya pikapu hiyo. Ukipunguza volyumu ya gitaa kidogo tu, mngurumo unasafika, sauti inakuwa kama kengele. Ukiifungua tena, inaunguruma. Mpigaji anapata sauti tatu au nne kwa kidole kidogo, bila swichi.

Sasa angalia maana yake. Kama fazi inaendeshwa kwa volyumu ya gitaa, basi mkono tayari ndio unaoiongoza, na hoja yangu ya mguu inalegea. Kuiweka ndani ya gitaa, mara tu baada ya volyumu, kunaipa kile inachokipenda: pikapu halisi mbele yake, bila bafa wala pedali kati yao. Na hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Wanaweka bafa kwanza, halafu fazi, kisha wanashangaa fazi inatoa sauti kali ya bati na haisafiki tena ukishusha volyumu. Mpangilio ni huu: pikapu, volyumu, fazi, bafa, jeki (tundu la kuchomekea waya). Ukiugeuza, umepoteza kazi.

Kwa Kisumu nakushauri silikoni. Transista za jerimani huvujisha umeme zaidi kadiri joto linavyopanda, na banda la mabati saa nane mchana hapa ziwani si mahali pake. Fazi iliyoimba vizuri asubuhi itakohoa ukifika mchana. Silikoni hazibadiliki hivyo. Zina tabia yao nyingine, kunasa redio, lakini kapasita ndogo ya pikofaradi 47 au 100 kati ya miguu miwili ya transista, kolekta na besi, huwa inatosha kuzinyamazisha, pamoja na kulifunika shimo la nyaya kwa karatasi ya shaba iliyounganishwa na erthi.

Je, mpiga benga anaihitaji fazi? Kusema kweli, mara chache. Inamfaa zaidi anayepiga injili ya kisasa, au roki, au anayetaka sauti ya kuzindua watu mwanzoni mwa wimbo. Kama unaitumia kwa nyimbo mbili kati ya ishirini, usitoboe gitaa kwa ajili yake.

Yaliyonipata Yala

Kuna usiku mmoja, miaka kadhaa nyuma, nilikuwa nikipiga matanga upande wa Yala na gitaa nililolijengea busta mwenyewe. Betri niliikwamisha kwa sponji chini ya bamba la plastiki, pamoja na nyaya nyingine zote. Saa saba usiku, katikati ya wimbo, gitaa likanyamaza. Kichwa cha betri kilikuwa kimetoka kwenye sponji kikalalia mguu wa volyumu, na kila kitu kikaenda kwenye erthi.

Pedali ikifa, unaichomoa, unaunganisha nyaya mbili, unaendelea. Ni sekunde kumi. Mimi ilinibidi nilegeze nyuzi zote sita, nifungue skrubu kumi na moja za bamba kwa mwanga wa simu aliyonishikia mtoto wa jirani wa marehemu, nisogeze betri, nifunge, nitune upya. Bendi ilipiga nyimbo tatu bila solo. Mama wa pale nyumbani hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi.

Kutokana na usiku ule, kila saketi ninayoiweka ndani ya gitaa ina mambo mawili. Betri inakaa kwenye kisanduku chake chenye mlango nyuma ya gitaa, unafungua kwa kidole. Na kuna swichi ya kukwepa, ya miguu sita, inayoiruka saketi nzima na kuipeleka pikapu moja kwa moja kwenye jeki, ili betri ikifa sauti isife nayo. Fundi akikwambia hiyo haina haja, tafuta mwingine.

Wakubwa walijaribu

Wazo lenyewe ni la zamani. Vox ya Uingereza katika miaka ya 1960 ilikuwa na magitaa yenye distoshoni na busta ndani. Mwaka 1977 Gretsch ilitoa Super Axe lenye feza (phaser, ya kuyumbisha sauti) na kompresa (ya kusawazisha nguvu ya sauti), na mwaka huohuo Gibson ikaleta RD Artist, saketi yake ikiwa imebuniwa na watu wa Moog, watengenezaji wa sintesaiza. Hayakudumu sana sokoni. Sababu naiona kwenye meza yangu kila wiki: mbao huishi miaka hamsini bila shida, saketi huzeeka katika miaka kumi, na sauti iliyo katika mtindo leo huchosha kabla ya hapo. Ukivifunga pamoja, kinachozeeka haraka kinakishusha kinachodumu.

Kilichodumu ni kidogo na cha kiasi. Gitaa la Fender lililopewa jina la Eric Clapton, tangu 1988, lina saketi ya kuinua sauti za kati hadi desibeli 25, na linaendelea kupendwa kwa sababu halina zaidi ya hapo. Matthew Bellamy wa bendi ya Muse naye ana magitaa ya Manson yenye fazi ndani na hata kibao cha kugusa, lakini huyo ana fundi wake na gitaa la akiba nyuma ya jukwaa. Wewe una gitaa moja na matatu ya saa kumi na moja.

Ambacho hakihitaji betri

Kwa haraka: kama shida yako ni kupata sauti mbili tatu tofauti kutoka gitaa lilelile, jaribu kwanza kapasita na swichi. Gibson iliweka kwenye ES-345 ya 1959 swichi ya duara ya nafasi sita, yenye koili na kapasita tofauti, bila betri. Unaweza kujenga nyepesi zaidi: kapasita tatu za thamani tofauti kwenye swichi moja badala ya ile moja ya toni. Pikapu ya koili mbili unaweza kuikata ifanye kazi kwa koili moja. Vipuri ni vya bei ya soda, na kama hupendi unarudisha kama ilivyokuwa. Nimeona watu wakiomba saketi kubwa ilhali walichokuwa wakikitafuta kilikuwa hapa.

Kopo kwenye mkanda

Kuna njia ya katikati ambayo naipenda, na nadhani inawafaa wengi kuliko zote. Katika miaka ya 1970 Dan Armstrong wa Marekani aliuza visanduku vidogo vinavyochomekwa moja kwa moja kwenye tundu la jeki la gitaa; maarufu zaidi ni kompresa yake, Orange Squeezer. Saketi iko kwenye gitaa, lakini gitaa halikutobolewa.

Mimi hutumia kopo la rangi ya viatu, lile kubwa. Ni la chuma, kwa hiyo linaikinga saketi lenyewe. Betri ya volti 9 inalala ndani, kibao kidogo kando yake, nakata kipande cha ndala kuvitenganisha. Natoboa matundu mawili ubavuni: moja la waya mfupi wa sentimita 20 unaokwenda kwenye gitaa, jingine la jeki ya waya mrefu. Nyuma nalehemu kibanio kinachoshika mkanda wa gitaa. Kwa kuwa ule waya wa kwanza ni mfupi, trebo haijapotea. Bafa ndani ya kopo inafanya kazi karibu sawasawa na ile ya ndani ya gitaa. Likiharibika, unalichomoa. Ukiazima gitaa la kanisa, unakwenda na kopo lako. Ukiuza gitaa, kopo linabaki nyumbani.

Upungufu wake ni kwamba lina plagi moja zaidi ya kukatika, na mtu anayeruka jukwaani atalisikia likimgonga nyonga. Kwa gitaa lenye mwili mtupu ndani, lile la matundu ya umbo la herufi f, ambalo kuingiza saketi ndani yake ni kazi ya kuvuta nyaya kwa uzi kupitia tundu dogo, sioni kwa nini uhangaike. Kopo.

Njia nyingine ya katikati ni ile ya Jerry Garcia, mpiga gitaa wa bendi ya Grateful Dead. Gitaa lake la Tiger, lililojengwa na Doug Irwin, lilikuwa linaipitisha sauti ya pikapu kwenye bafa na kuitoa nje ikiwa kamili, kabla ya volyumu, inakwenda kwenye efekti sakafuni, inarudi ndani ya gitaa, ndipo inapitia volyumu. Faida yake ni kwamba efekti inapata nguvu ileile daima hata ukishusha volyumu. Ni kazi nzuri, lakini inataka waya wa njia mbili na jeki mbili, na waya wa namna hiyo ukikatika Bondo usiku hupati mwingine. Na ukumbuke, inaua ile tabia tamu ya fazi niliyoisifu hapo juu.

Kuhusu simu: programu za gitaa ni nzuri kwa mazoezi nyumbani. Jukwaani sauti inachelewa kidogo kabla ya kutoka, na kwa mwendo wa benga kidogo hicho kinatosha kukutoa nje ya ngoma.

Tulichomwekea kijana

Mwishowe alichagua hivi. Bafa ya TL062 ndani ya gitaa, na swichi ya kukwepa. Busta kwenye bafa hiyohiyo, inayowashwa kwa volyumu ya kuvuta, kwa ajili ya pakruok, maana yeye ni mtembezi. Mwangwi na korasi atabaki navyo katika pedali moja inayobeba vyote viwili, na hiyo inaingia kwenye mfuko wa koti. Fazi tuliiweka kwenye kopo. Akiipenda baada ya miezi sita, arudi tuone.

Alitaka pia taa ndogo nyekundu ya kuonyesha kwamba saketi imewaka. Nilimkatalia. Taa ile inakula miliampea kadhaa, mara nyingi zaidi ya bafa yenyewe, na masikio yake yatamwambia.

Kama utaifanya kazi hii mwenyewe, kuna hatua moja usiiruke. Swichi ya betri ndani ya gitaa ni jeki yenyewe: unatumia jeki ya stirio, upande hasi wa betri unaulehemu kwenye mguu wa kati, na plagi ya kawaida inapoingia inaunganisha mguu huo na erthi, saketi inawaka. Plagi ikitoka, inazima. Ndiyo maana gitaa lenye saketi haliachwi na waya usiku kucha. Kabla ya kufunga bamba, weka mita yako kati ya betri na kichwa chake, kwenye kipimo cha miliampea, uchomeke plagi. Kwa bafa ya TL062 utasoma karibu 0.4 au 0.5. Ukisoma 5, kuna mahali umelehemu vibaya. Tafuta tone la risasi linalogusa miguu miwili. Kisha chomoa plagi na uangalie tena. Kijana alikuwa ameinama juu ya meza, macho kwenye mita, hapumui. Ilisoma sifuri. Akachukua bisibisi mwenyewe, akaanza kufunga skrubu ya kwanza.